Daftari Lilipofunguka Nyumbani

Simu iliingia saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa barazani Langoni, mtaa wangu hapa mjini Lamu, kikombe cha kahawa mkononi, mahamri bado ya moto. Aliyepiga ni karani wa ghala moja la samaki katika kisiwa cha Pate, dada mwenye bidii ambaye nimefanya naye kazi tangu siku ile seva yao ilipovushwa kwa boti, imevishwa magunia isiingie maji ya chumvi.

"Kaka, ahsante kwa ile kazi," akasema. "Leo daftari limenifungukia hata nikiwa nyumbani."

"Daftari gani?"

"La uzani. Nimelifungua kwa simu yangu, hata kitandani sijashuka."

Mimi sikuwa nimefanya kazi yoyote. Daftari lile ni programu ndogo ya kwenye kivinjari: linaandika kilo za kambakoche na pweza, jina la mvuvi, na pesa anazodai. Nililifunga kwa makusudi lisionekane popote isipokuwa kwenye kompyuta mbili za ndani ya ghala na moja ya ofisini kwangu. Ikiwa yeye amelifungua kwa bando lake la simu, basi hata mtu wa ng'ambo asiyeijua Pate anaweza kulifungua. Namba ya siri ipo, lakini namba ya siri ni kufuli moja, na mimi niliweka mlango mwingine mbele yake.

Nikamuuliza, "Usiku stima zilipotea?"

"Zilipotea saa sita. Zimerudi alfajiri."

Hapo nikajua kilichotokea, na kahawa sikuimaliza.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wa pwani wanaotunza mitandao ya nyumba za wageni, maduka, madrasa na ofisi ndogo, wengi wao wamejifunza kama mimi, kwa kutazama na kujaribu. Nataka kueleza jambo dogo ambalo vitabu hulipitisha kwa mstari mmoja: namna ya kuhifadhi sheria za fayawoli, ile kinga inayoamua nani wa mtandaoni apite na nani azuiwe, kwa mstari wa amri. Nimelikosea mara mbili, kwa njia mbili zinazopingana, na kosa la pili lilizaliwa na dawa ya kosa la kwanza.

Wengine huiita fayawoli "ngome". Hapa Lamu neno hilo lina mwenyewe: ni lile jengo la uwanjani, lililomalizika kujengwa 1821, ambalo watoto hupanga kukutana mbele yake. Kwa hiyo nikisema "ngome imeanguka" wazee wataniuliza ukuta wa upande gani. Nitasema fayawoli. Ingawa, nikitafuta mfano wake katika mji huu, sitaichukua Ngome. Nitachukua daka. Nyumba zetu za mawe za zamani zina daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na mgeni aliyepiga hodi hupokewa hapo. Wengine hukaribishwa ndani, wengine humaliza shida yao pale pale kwenye viti vya mawe wakaondoka. Hakuna aliyetukanwa, na ndani hakukuonekana. Fayawoli nzuri ina adabu hiyo hiyo.

Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva ile, kazi ya daka hufanywa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na mfumo uitwao netfilter, na kwa miaka mingi tumeuamrisha kwa chombo kiitwacho iptables, kilichoingia na Linux 2.4 mwaka 2001. Pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, ikifika inapitishwa kwenye mnyororo uitwao INPUT. Inalinganishwa na sheria ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya kwanza yenye kuamua ikilingana nayo, basi imekwisha. Ikizipita zote bila kulingana, unafuatwa msimamo wa jumla wa mnyororo: ACCEPT, yaani pita, au DROP, yaani tupwa kimya kimya.

Jambo ambalo sikulielewa vizuri mwanzoni ni kwamba amri ya iptables haiandiki kitu chochote kwenye diski. Ni tarishi tu. Inapeleka maneno yako kwa kerneli, na kerneli inayaweka kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Mfikirie bawabu aliyepewa maagizo kwa mdomo. Maadamu yuko macho, hakosei hata neno. Akilala akaamka, hakumbuki lolote, na bawabu asiyekumbuka lolote humfungulia kila mtu, kwa sababu msimamo wa kuzaliwa wa INPUT ni ACCEPT. Mashine haikulalamika na taa zake zilikuwa zinawaka kijani kama kawaida. Laiti yule dada asingejaribu akiwa kitandani, na asingefurahi akanipigia, sijui ningegundua lini.

Lakini mimi nilikuwa nimezihifadhi! Ndivyo nilivyoamini. Nilipoziandika sheria zile miezi kadhaa kabla, nilimalizia kwa amri hii:

iptables-save

Maandishi yakateremka kwenye skrini, mistari yote niliyoitunga, na chini yake neno COMMIT. Nikaona jina la amri, nikaona sheria zangu, nikaona neno linalosikika kama muhuri. Nikafunga kompyuta nikaenda kuswali.

Jina hilo limewapoteza wengi, na ninalisema kwa uchungu: iptables-save haihifadhi kitu. Inachofanya ni kusoma sheria zilizomo kwenye kerneli na kuzichapa pale ulipo. Kama upo kwenye skrini, zinachapwa kwenye skrini, na ukifunga dirisha zimekwenda. Hadi uzielekeze kwenye faili ndipo zimekaa mahali. Na hata zikishakaa kwenye faili, bado lazima awepo mtu wa kuzisoma mashine inapowaka, ambaye kwenye Debian na Ubuntu, matoleo ya Linux, hayupo mpaka umlete wewe mwenyewe, kwa kusakinisha kifurushi cha iptables-persistent. Huyo ndiye anayesoma /etc/iptables/rules.v4 kila mashine inapoamka. Mimi sikuwa na faili, wala sikuwa na msomaji.

Kuna sababu nyingine ya vijana wa huku kuangukia shimo hili. Wengi wetu tumelelewa na ruta za MikroTik, zile za kugawa Wi-Fi kwenye nyumba za wageni. Kwenye MikroTik ukiongeza sheria imeshakaa. Zima, washa, utaikuta. Aliyeanzia kwenye vifaa vya Cisco ana bahati ya namna nyingine, kwa sababu huko alifundishwa tangu siku ya kwanza kwamba usanidi unaofanya kazi na usanidi wa kuanzia ni vitu viwili, na usipoandika write memory au copy running-config startup-config, kazi yako ni ya muda. Linux iko upande wa Cisco, ila haikukumbushi.

Asubuhi ile niliingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiamrisha mashine ukiwa mbali, na kuziandika sheria upya kutoka kwenye karatasi. Kisha nikasakinisha kile kifurushi, nikataka kuhifadhi kwa haki. Nikaandika:

sudo iptables-save > /etc/iptables/rules.v4

Jibu: Permission denied. Nimeona watu wakikaa saa nzima hapa, wakisema "lakini nimeweka sudo". Sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, umempa iptables-save peke yake. Ile alama ya mshale haimhusu. Kuelekeza maandishi kwenye faili ni kazi ya sheli yako, programu inayopokea amri unazochapa, na sheli yako bado ni wewe, mtu wa kawaida asiyeruhusiwa kuandika kwenye /etc. Njia ninayoitumia ni kumpa ruhusa yule anayeandika:

sudo iptables-save | sudo tee /etc/iptables/rules.v4

Au, kwa kuwa kifurushi kilishasakinishwa, unasema tu sudo netfilter-persistent save, naye huandika faili mbili: rules.v4 na rules.v6. Hiyo ya pili usiidharau. Sheria za iptables zinahusu IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, peke yake. Ikiwa kampuni yako ya intaneti imekupa na anwani za IPv6, mfumo mpya, basi nyumba ina mlango wa pili, na huo unaulinda kwa ip6tables, tena kwa kuandika sheria zake mwenyewe. Nimeingia ofisi moja hapa mjini nikakuta rules.v4 imeandikwa kwa ustadi wa kupendeza, rules.v6 ni tupu, na seva inajibu kwa IPv6 bila kumuuliza mtu jina.

Nikaiwasha upya mashine nikiwa hapa Langoni, roho mkononi. Ikarudi, sheria zote zikawepo. Dada akajaribu kwa simu yake, daftari likagoma. Siku ile nilijiwekea desturi: kila nikibadilisha sheria, papo hapo nahifadhi. Nilifika hadi ya kuziunganisha amri mbili kwa alama ya &&, kubadilisha na kuhifadhi kwa pumzi moja. Nilidhani ni uangalifu.

Sasa kosa la pili.

Nilipokuwa nikisoma kumbukumbu za usiku ule, kwenye /var/log/auth.log, niliona jinsi mlango namba 22, ule wa SSH, unavyobishwa. Kila baada ya dakika chache anwani nisiyoijua inajaribu kuingia kwa jina la root, admin, test. Hilo ni jambo la kila seva yenye anwani ya umma, wala si chuki dhidi ya wavuvi wa Pate. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu vitasa. Mimi huingia kwa ufunguo, si kwa nywila, kwa hiyo hazikunitisha sana. Lakini zilinikera, nikaamua kwamba mlango namba 22 usifunguke ila kwa anwani ya ofisi yangu, kwa kuwa ninalipia anwani isiyobadilika.

Nikaibadilisha sheria. Sikuona kosa. Nikaendelea kuchapa, mashine ikinijibu: ls, df, hata nikatazama daftari. Kila kitu sawa. Nikahifadhi, nikaaga kwa exit, nikaenda zangu.

Jioni nikataka kuingia tena. Kimya. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu, skrini imesimama tu pale. Kwenye kivinjari daftari linafunguka vizuri kabisa. Nalitazama kama mtu anayechungulia nyumba yake dirishani, taa zinawaka, na mlango haumtambui.

Faili lenyewe lilikuwa hivi (anwani nimeziweka za mifano, lakini kosa ni lile lile):

*filter
:INPUT DROP [0:0]
:FORWARD DROP [0:0]
:OUTPUT ACCEPT [0:0]
-A INPUT -i lo -j ACCEPT
-A INPUT -m conntrack --ctstate RELATED,ESTABLISHED -j ACCEPT
-A INPUT -s 192.168.10.0/24 -p tcp -m tcp --dport 443 -j ACCEPT
-A INPUT -s 203.0.113.54/32 -p tcp -m tcp --dport 22 -j ACCEPT
-A INPUT -s 203.0.113.45/32 -p tcp -m tcp --dport 443 -j ACCEPT
COMMIT

Itazame mistari miwili ya mwisho kabla ya COMMIT, wa mlango namba 22 na wa 443, mlango wa daftari. Hamsini na nne, arubaini na tano. Anwani ya ofisi yangu ni ile ya mwisho wa 45. Vidole viligeuza tarakimu mbili, na mlango wa fundi nikampa mtu nisiyemjua.

Kwa nini basi niliendelea kuchapa bila kukatika? Jibu liko kwenye mstari wa pili wa INPUT, ule wenye ESTABLISHED. Kerneli hukumbuka mazungumzo yaliyokwisha kuanza, na mstari ule unasema: aliyekwisha kuingia asisumbuliwe. Ni mstari mzuri, bila huo hata majibu ya maswali yanayoulizwa na seva yenyewe yasingerudi. Lakini maana yake ni kwamba dirisha lako la SSH lililo wazi si shahidi wa sheria mpya. Wewe uko sebuleni tayari. Mlango wa nje unaweza kukomewa nyuma yako na usihisi. Shahidi ni dirisha la pili, lifunguliwe upya wakati la kwanza bado liko hai. Lingekuwa hili moja tu ninalolijua kuhusu fayawoli, bado ningemwambia kila fundi.

Nikampigia dada. "Tafadhali izime mashine halafu uiwashe."

Akafanya. Nikasubiri. Kimya kile kile.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri sawasawa. Mara ya kwanza mashine ilisahau sheria nzuri stima zilipopotea, nikaulaumu usahaulifu. Mara hii ningeuomba usahaulifu huo huo, kwa sababu kama nisingehifadhi, kuzima na kuwasha kungefuta sheria mbovu na kunirudisha ndani. Lakini nilikuwa nimeshaiandika, na nilikuwa nimeajiri msomaji mwaminifu. Msomaji akasoma kila neno, pamoja na kosa langu.

Pate si ng'ambo ya barabara. Boti za kwenda upande wa Faza hupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda haupitiki ila maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo haidhuru seva yako imelala saa ngapi, wewe utaondoka kwa saa ya bahari. Siku hiyo maji yalikuwa yanapwa. Nahodha akaniambia kwa upole, "Kesho alfajiri, fundi. Leo hata ukinipa dhahabu."

Nilifika gatini kabla ya mapambazuko, nimebeba kioo cha kompyuta kwenye mkeka na kibodi mfukoni mwa begi, maana seva ile haina vyote viwili. Na hapo gatini nikaona jambo ambalo nimelikumbuka kila siku tangu hapo. Nahodha aliiwasha injini hali boti bado imefungwa kamba. Akaipa moto, akaipunguza, akaipa tena, akaitia gia mbele kidogo mpaka kamba ikakaza, akaitia nyuma. Mtoto wake alikuwa amesimama juu ya gati, kashika fundo, hafungui. Mpaka baba yake alipoinua mkono ndipo akalegeza kamba na kuruka ndani. Nikamuuliza nahodha kama injini ina hitilafu. Akasema, "Haina. Lakini ikizimika hapa, nitashuka kwa miguu."

Njia nzima nilikuwa nikifikiria kamba ile.

Tulipofika, maji yalikuwa yameanza kutoka, boti ikasimama mbali, nikatembea kwenye matope na kioo kichwani. Mwenye ghala, mzee mtulivu, alinipokea kwa chai. Nikamwambia, "Ami, kosa ni langu, na safari hii silipishi." Akanijibu, "Mwanangu, bora kosa linalomfungia fundi nje kuliko lile lililowafungulia watu." Nikanywa chai. Kisha nikachomeka kioo na kibodi, kwa kuwa fayawoli inalinda njia za mtandao tu, aliyekaa mbele ya mashine inamtii, nikabadilisha tarakimu mbili kwa nano, programu ya kuhariri maandishi. Sekunde kumi. Tangu simu ya jioni hadi sekunde hizo kumi ulipita usiku na nusu ya siku.

Sasa nitaeleza ninavyofanya siku hizi. Kwanza, sihifadhi kabla ya kujaribu, na sijaribu bila kamba. Kamba yangu ya kawaida ni hii. Kabla ya kugusa chochote, ninachapa sheria zilizopo kwenye faili la kando, mfano /root/kabla.v4. Halafu ninaiagiza mashine irudi huko yenyewe baada ya dakika tano:

echo "iptables-restore < /root/kabla.v4" | at now + 5 minutes

Kisha ninabadilisha. Ninafungua dirisha la pili, ninaingia upya. Nikiingia, ninaifuta ile ahadi kwa atrm na namba yake, na hapo, hapo tu, ninahifadhi. Nisipoingia, ninapika chai. Dakika tano zikifika mashine inalegeza yenyewe na mimi niko ndani tena. Hakikisha tu huduma ya at, ile inayotekeleza amri kwa wakati uliopangwa, imesakinishwa na inafanya kazi. Nimewahi kumwona mtu akiitegemea kamba ambayo haikufungwa popote.

Kipo na chombo kilichotengenezwa kwa kazi hii hasa, iptables-apply. Unakipa faili la sheria mpya, kinaziweka, kisha kinakuuliza kama bado unaweza kuingia. Usipojibu ndani ya sekunde 10 kinarudisha za zamani. Sekunde 10 kwa mtandao wetu wa visiwani ni chache mno, kwa hiyo ninaongeza -t 60. Na wale wa MikroTik wanayo Safe Mode, bonyeza Ctrl na X. Muungano wako ukikatika, ruta inafuta ulichobadilisha. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia.

Pili, ninalisoma faili kwa macho kabla halijasomwa na mashine. Faili la iptables-save si fumbo. Linaanza na jina la jedwali lenye nyota, linafuata msimamo wa kila mnyororo, halafu sheria, halafu COMMIT. Zile namba ndani ya mabano ya mraba ni hesabu ya pakiti na baiti tu. Kisha ninamwachia mtambo nao ulipime kwa iptables-restore --test, ambao hulisoma bila kulitekeleza. Hautagundua kwamba 54 ilipaswa kuwa 45, hilo ni la macho yako, lakini utagundua neno lililoandikwa vibaya.

Na neno lililoandikwa vibaya ni hatari kuliko linavyoonekana. iptables-restore hupakia jedwali zima kwa mkupuo: ama lote, ama hakuna. Hilo ni jema, kwa sababu hakuna dakika ambayo nusu ya sheria iko na nusu haipo. Lakini wakati mashine inawaka, mstari mmoja ukikataliwa jedwali zima halipakiwi, na unabaki na ACCEPT ya kuzaliwa. Ndiyo maana sipendi kabisa kuweka jina la tovuti mahali pa anwani kwenye sheria. Jina hutafutwa anwani yake wakati wa kupakia, na mashine inapoamka mtandao haujawa tayari kujibu. Jina linashindwa, mstari unashindwa, jedwali linashindwa, na daka linabaki bila mtu.

Tatu, angalia unamhifadhi nani. Kama seva ina fail2ban, inayofungia anwani zinazobisha ovyo, au Docker, inayoendesha programu ndani ya vyumba viitwavyo kontena, hao nao huingiza sheria zao kwenye kerneli. Ukichapa hali zote, unagandisha na anwani zilizofungiwa leo kwa muda mfupi, na minyororo ya kontena ambazo kesho hazipo. Mimi kwenye seva za namna hiyo siandiki faili kwa kunakili kilichomo kwenye kerneli. Ninaliandika faili kwa mkono, linakuwa ndilo asili, na kerneli ndiyo inayolifuata.

Mifumo mipya imeleta nftables, mrithi wa iptables, iliyoingia kwenye kerneli ya 3.13 mwaka 2014, na tangu Debian 10 ya 2019 hata ukiandika iptables, chini yake unaendesha nftables. Tabia ya usahaulifu haikubadilika. Unachapa kwa nft list ruleset ukielekeza kwenye /etc/nftables.conf, na unaiwezesha huduma yake kwa systemctl enable nftables. Tahadhari moja tu: weka flush ruleset juu ya faili. Amri ya kuchapa haikuandikii mstari huo, na bila huo kila ukilipakia faili upya sheria zinajiongeza juu ya zilizokuwepo. Kulipima bila kulitekeleza ni nft -c -f. Kwa wenye mashine za Linux za ukoo wa Red Hat, wenye firewalld, chombo cha kusimamia fayawoli, wana maneno yao, na mimi ninaupenda mpangilio wao: unajaribu kwanza bila --permanent, na ukiridhika unasema firewall-cmd --runtime-to-permanent. Wameifanya kamba ya gatini kuwa sehemu ya amri.

Nakala ya faili la ghala nimeichapisha kwenye karatasi, iko kwenye mtoto wa meza wa karani, pamoja na tarehe na maneno mawili matatu kuhusu kila mstari. Nimemfundisha kusoma ule wa mlango namba 443. Yeye ameniongezea kipimo chake ambacho hakimo kwenye chombo chochote nilichotaja.

Wiki mbili zilizopita stima zilipotea tena, usiku kucha. Saa moja asubuhi simu ikalia.

"Kaka, nimejaribu kulifungua hapa nyumbani."

"Ikawaje?"

"Limegoma," akasema. "Nakwenda kazini."